Gayogayo wa Ijumaa Ile

Nairobi,
9 Machi 1992

Baba,

Shikamoo.

Ni mimi, Raheli. Naandika kwa sanduku la posta la Lindi kwa sababu ndilo pekee ninalolikumbuka. Nilikuwa nalisoma kwa sauti juu ya bahasha zako wakati najifunza kusoma. Kama umehama, labda yupo mtu posta anayejua ulikokwenda.

Miaka ishirini imepita na sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na swali.

Unamkumbuka gayogayo? Yule samaki bapa kama sahani, macho yote mawili upande mmoja. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ametoka kuugua malaria, na Ijumaa ile ukapika wewe. Mishumaa ya Sabato ilikuwa imewashwa. Uliweka bakuli mezani, Mama akauliza ni samaki gani, ukasema gayogayo. Mama akasema gayogayo hana magamba, na sheria yetu haituruhusu samaki asiye na mapezi na magamba. Ukasema anayo. Mkabishana kwa Kijerumani, nikaacha kuelewa. Halafu Mama akalichukua bakuli akalimwaga nje, paka wakaja. Wiki mbili baadaye mimi na yeye tulikuwa njiani kuja Nairobi.

Hakuna aliyewahi kunipa sababu nyingine. Nimekua nikijua kwamba wazazi wangu waliachana kwa ajili ya samaki.

Sasa Mama anauliza. Sinagogi letu hapa limepata rabi mpya, kijana, naye anasema samaki bapa si wa aina moja. Wapo wenye magamba ya kweli, na wapo wenye vinundu tu vilivyoshikamana na ngozi, na hao ndio wanaobishaniwa. Hawezi kusema lolote mpaka ajue ni yupi. Wewe ndiye uliyemshika mkononi. Alikuwa na magamba?

Nijibu hata kwa mistari miwili.

Mwanao,
Raheli

*

Kilwa Masoko,
4 Aprili 1992

Mwanangu Raheli,

Marahaba. Marahaba mara ishirini, moja kwa kila mwaka.

Barua yako ilifika Lindi, karani akalijua jina langu, akaipandisha gari la huku. Nilihamia Kilwa mwaka 1980, mashamba ya mkonge yalipokwisha na hapakuwa tena na mashine ya kutengeneza. Hapa natengeneza injini za boti na majenereta. Wananiita Fundi Yusufu. Siku hizi kazi ipo. Wanunuzi wanatoka Dar na masanduku ya barafu, wanachukua pweza, wanachukua kamba, hata hao gayogayo ambao zamani mvuvi alijilia nyumbani kwake. Madukani kuna sabuni, kuna betri, kuna nguo za mitumba za kuchagua. Kila kitu ruksa, watu wanasema. Ungeiona Lindi ya miaka ile tuliyopanga foleni ya sukari, usingeamini.

Sasa swali lako. Gayogayo ana magamba. Ni madogo, hayang'ai kama ya samaki changu, ndiyo maana mtu akimtazama kwa mbali anaona ngozi tupu. Pitisha kiganja kutoka mkiani kwenda kichwani upande wa juu, ule wa kahawia, utasikia anakwaruza. Halafu chukua ukucha uinue moja. Likitoka peke yake na ngozi ikabaki nzima, hilo ni gamba. Likichana ngozi, si gamba, mwache. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonifundisha mwaka 1939 tulipofika shambani kutoka Ujerumani, mimi na yeye tu, nikiwa na miaka minane. Alisema nyama hatutakula huku, kwa sababu hakuna wa kutuchinjia kwa sheria yetu. Samaki tutakula, lakini ukucha kwanza.

Yupo mwingine mdogo, wa madoadoa, ukimbana anatoa majimaji meupe machungu. Huyo wavuvi wenyewe humrudisha majini, wala haihitaji rabi.

Mwambie mama yako hivyo. Anaendeleaje? Magoti yake yalikuwa yakimsumbua kila masika. Na wewe je, una watoto? Niliambiwa unakaa Uingereza. Nilipoona stempu ya Kenya nilidhani nimeisoma vibaya.

Samahani mistari inapanda na kushuka. Kalamu ni mbaya.

Baba yako,
Yosefu

*

Nairobi,
27 Aprili 1992

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini, nimejificha nyuma ya rafu. Mimi ni mkutubi katika shule ya wasichana. Sijaolewa, sina mtoto, na Uingereza sijawahi kufika hata kwa siku moja. Nani alikuambia hivyo?

Nilimsomea Mama ulichoandika. Pale pa ukucha alicheka. Anasema Ijumaa ile alikuwa na mabaki ya homa mwilini, akawahi kukasirika kabla ya kutazama. Anasema leo angeonja. Magoti bado yanamsumbua, lakini anakusalimu.

Rabi anasema maelezo yako ni mazuri kuliko ya vitabu vyake, ila maelezo hayatoshi. Anataka kuiona ngozi yenyewe na magamba yakiwa bado juu yake. Unaweza kutukaushia kipande ukakituma?

Na mimi nina swali langu, si la Mama. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 77 nilielewa kwamba huwezi kuja. Ulipofunguliwa mwishoni mwa 83, nilianza kusikiliza geti. Nilikuwa mtu mzima tayari, miaka ishirini na moja, nikisikiliza geti kama mtoto. Kwa nini hukuja?

Raheli

*

Kilwa Masoko,
30 Mei 1992

Mwanangu,

Marahaba. Mkono huu unaoandika si wangu. Injini ilinibana vidole, si jambo kubwa, vitapona. Anayeandika ni jirani yangu Bi Mwanasha binti Fakihi, mzaliwa wa Songo Songo, anayekaanga samaki hapa karibu na soko. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikisema upuuzi anaweka kalamu chini mpaka nirekebishe.

Ngozi ndiyo hiyo humo ndani. Alinitafutia gayogayo watatu. Wa kwanza magamba yalikuwa yamekwisha kuparwa na mvuvi, tukamla. Wa pili alikuwa mdogo mno. Wa tatu ndiye huyu. Nilimpapasa mwili mzima kabla hajatiwa kisu. Tumetia chumvi, tumekausha juu ya bati, mvua ikija Bi Mwanasha anakimbia kuingiza ndani. Anasema kwao cha baharini chote ni halali, na kwamba sisi tuna kazi. Nimemwambia ni kweli, tuna kazi.

Umeuliza kwa nini sikuja. Nilikuja, Raheli.

Ilikuwa Januari 1984. Nilipanda gari hapa mpaka Dar, Dar mpaka Arusha, nikavuka Namanga. Anwani niliipata kwa mjomba wa mama yako kabla hajafa. Nilifika getini saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mama yako akatoka mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kijani na nywele zimeanza mvi. Nikamwambia, "Hana, nimekuja kumwona mtoto." Akasema, "Raheli yuko Uingereza. Ameolewa huko, ana maisha yake. Hataki kusumbuliwa."

Nikaomba maji. Akaleta. Nilikunywa nimesimama nje ya geti, naye alisimama upande wa pili akisubiri glasi. Nikamrudishia. Mchana huohuo nilikuwa kwenye basi la kurudi.

Wala sikukuandikia, kwa sababu niliamini. Binti aliyeolewa mbali, nimsumbue kwa lipi?

Bi Mwanasha ameweka kalamu chini, lakini si kwa sababu nimesema upuuzi.

Sasa haya yanayofuata ni ya mama yako, msomee.

Hana, Raheli ameniandikia kwamba ungeonja. Nimeyatafakari maneno hayo wiki nzima. Kuhusu geti sina kinyongo. Kuna jambo moja la Ijumaa ile ambalo sikukuambia, na ningependa kukuambia kwa mdomo. Nikipata nafasi nitakuja tena. Safari hii usisubiri glasi, nikaribishe ndani.

Yosefu

*

Nairobi,
21 Juni 1992

Baba,

Shikamoo.

Ngozi imefika salama. Rabi aliiweka juu ya karatasi nyeupe dirishani, akainua gamba moja kwa ukucha, akainua la pili, la tatu. Yalitoka kama ulivyosema na ngozi haikuchanika. Akasema samaki huyu anaruhusiwa, hana shaka yoyote. Amekuomba abaki nayo awaonyeshe wengine.

Kuhusu geti, sikujua. Januari 84 nilikuwa Nairobi. Saa nne asubuhi nilikuwa kazini, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka pale uliposimama. Jioni nilirudi, Mama akanipakulia chakula, tukala, akaniuliza habari za kazi. Nimeikumbuka kila jioni ya mwezi ule niliyoweza kuikumbuka, nikitafuta ni ipi. Zote zinafanana.

Baba, geuza ukurasa ukiwa umekaa.

Mama amefariki. Amefariki tangu Januari, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Alilala kitandani miezi minane na nilimuuguza mimi peke yangu. Hakuuliza juu ya samaki. Hakucheka pale pa ukucha. Hakusema angeonja. Yote yale niliyasema mimi. Nilidhani usingenijibu mimi, nikadhani ungemjibu yeye. Halafu ukaanza kumuulizia magoti, nikashindwa kukwambia.

Nilipomaliza kusoma yale uliyomwandikia, "nikaribishe ndani", nilifunga mlango wa maktaba kabla ya saa na wasichana wakabaki wakigonga. Nyumba ina vyumba vitatu. Bado natembea polepole nikipita mbele ya chake.

Ninamkasirikia na siwezi kumwambia. Ninakuomba radhi wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki wa kuombwa.

Ukitaka kuacha kuniandikia nitaelewa.

Raheli

*

Kilwa Masoko,
15 Julai 1992

Kwa mwanangu Raheli,

Asalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi ni Mwanasha binti Fakihi, jirani wa baba yako, yule mwenye mkono wa barua iliyopita. Nakuandikia mwenyewe, naye hajui. Utanisamehe makosa. Nilijifunza kusoma mtu mzima, kwenye kisomo cha mwaka 74, na ninaandika kama ninavyosema.

Kwanza, vidole vya baba yako havina kitu. Ni macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, mwaka wa tatu huu. Kushoto haoni kabisa, kulia anaona mwanga na mtu akipita. Injini anazitengeneza kwa kupapasa, wateja wengine hawajui mpaka leo. Barua ya kwanza aliyokuandikia ilimchukua siku nne, anaandika juu ya kipande cha boksi alichokikata apate kushika mstari. Alinikataza nisiseme. Alisema, asije akarudi kwa sababu ya huruma.

Pili, mimi ndiye ninayemsomea barua zako. Hii ya mwisho ilipofika tulikaa barazani kwangu, wateja wamekwisha ondoka. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Aliposikia samaki anaruhusiwa alipiga paja akasema, "Umesikia, Mwanasha? Hana shaka yoyote!" Nikageuza. Macho yangu yakaona neno amefariki kabla mdomo haujafika hapo. Mwanangu, nilizikunja karatasi. Nikasema barua imekwisha. Akasema, "Hakuna salamu za Hana?" Nikasema zipo, anakusalimu.

Kwa hiyo sasa na mimi nimeingia katika uongo huu, na mimi ni mtu wa swala tano.

Nikueleze jambo ili ujue kwa nini. Wiki moja kabla ya barua yako kufika alivaa shati jeupe, akaniomba nimsindikize akapige picha ya kumpelekea mama yako. Vifungo alivifunga mwenyewe, kimoja kimerukwa. Sikumwambia, mpiga picha naye hakumwambia. Picha ninayo mimi, alinipa niitie kwenye bahasha ya barua itakayofuata. Nimeitia humu.

Mimi ni mjane, nimezika mume na watoto wawili, habari ya kifo naijua kuisema. Lakini hii si yangu. Karatasi zako zote nimemkabidhi, ziko kwake chini ya godoro. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Njia sasa ni kavu, magari yanapita. Ukifika uliza kwa Mwanasha wa samaki, hata kuku wa Masoko watakuonyesha.

Wasalaam,
Mwanasha binti Fakihi

*

Kilwa Masoko,
2 Agosti 1992

Raheli,

Naandika kwa mkono wangu. Herufi ni kubwa na najua baadhi zinapandana. Soma taratibu.

Siku ile Mwanasha aliponipa barua yako, niliihesabu kwa vidole. Karatasi nne. Alisoma kwa muda wa karatasi moja, kisha sauti yake ikabadilika akasema imekwisha, na Hana ananisalimu. Mwanamke yule hajui kudanganya, hana mazoezi. Sikumuuliza. Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi tatu zisizosomwa mapajani, nikajua.

Kusema kweli nilianza kujua tangu barua yako ya pili. Hana niliyemuoa hakuwahi kusema kwamba aliwahi kukasirika kabla ya kutazama. Hana alitazama kila kitu. Lakini nilitaka awe amesema, kwa hiyo nikaacha kufikiri. Nilikuwa na mwezi mzima wa furaha, mpaka nikapiga picha. Usijilaumu kwa mwezi huo. Sijapata mwingine kama huo tangu 72.

Sasa lile jambo la Ijumaa ile. Nilitaka kumwambia yeye. Nakwambia wewe kwa kuwa ulikuwepo mezani.

Samaki yule sikumwona magamba. Nilichelewa karakana, nikafika sokoni wauzaji wameondoka. Mvuvi mmoja alinipa vipande, vimekwisha chunwa ngozi, vyeupe kabisa. Alisema ni gayogayo. Sikujua hata kama ni kweli, kwa kuwa hata samaki taa, yule wa mkia mrefu, akikatwa hivyo anafanana, na taa hana gamba hata moja. Nikavichukua. Nilikuwa nimechoka, na mama yako alikuwa hajala siku mbili.

Mezani hakuanza kwa kusema gayogayo hana magamba. Wewe ndivyo unavyokumbuka, na labda alisema hivyo pia. Lakini kwa Kijerumani aliniuliza, "Uliyaona kwa macho yako?" Nikasema niliyaona. Akasema, "Apa." Mishumaa inawaka, mtoto anatazama, nikaapa.

Akanitazama usoni kwa muda. Halafu ndipo akainuka na bakuli.

Kwa hiyo hakuondoka kwa ajili ya samaki. Alikuwa amekwisha kuwa mpweke pale Lindi, sisi tuko nyumba moja tu ya dini yetu, sherehe zetu tunafanya watatu, na mtu pekee aliyekuwa naye wa kushika sheria hiyo pamoja naye akamwapia uongo. Nilikuwa na miaka ishirini ya kusema hivyo na nilikwenda getini nikaomba maji.

Talaka sikumpa, naye hakuiomba. Kwa sheria yetu mimi ni mume wake mpaka siku aliyokufa, na ni wajibu wangu kumkumbuka. Dua yenyewe ya wafu inataka wanaume kumi. Hapa niko mmoja. Mwanasha, nilipomwambia kwamba nimekwisha jua, aliniambia kumi wapo, ataniitia msikitini. Nilicheka, halafu nikashindwa kuacha kulia. Nitasoma zile ninazoruhusiwa kusoma peke yangu. Nazikumbuka kwa kichwa, macho hayahitajiki.

Lakini sijui tarehe. Kila mwaka lazima iwe siku yake. Niandikie tarehe aliyokufa, hilo tu. Mengine yote tutayaacha kama hutaki.

Baba yako

*

Dar es Salaam,
29 Agosti 1992

Baba,

Shikamoo.

Naandika katika gesti, karibu na stendi ya mabasi ya kusini. Ni mchana. Chumba kina kitanda, ndoo na feni isiyozunguka. Basi la Kilwa ni kesho alfajiri. Mtu aliyenikatia tiketi aliniuliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa baba. Akaniuliza, "Mgonjwa?" Nikasema sijui. Ni kweli. Sijui hata sauti yako ikoje sasa. Ninayoikumbuka inaimba Ijumaa jioni, na inanisemesha kutoka juu sana, kwa sababu nilikuwa mfupi.

Mama alifariki Jumamosi, tarehe 11 Januari 1992, asubuhi. Kwa hesabu yetu ni tarehe sita ya mwezi wa Shevati. Tulimzika Jumapili. Wanaume walikuwa tisa. Wengi wa wale uliowajua wamehama au wamekufa. Tulisimama makaburini saa mbili tukimsubiri wa kumi, mpaka rabi akampata mgeni mmoja hotelini, mfanyabiashara, ambaye hakumjua Mama wala mimi. Alisoma dua pamoja nao, akanipa mkono, akarudi kwenye teksi iliyokuwa ikimngoja. Hakukuwa na mume wala mtoto wa kiume. Mimi nilisimama pembeni.

Umeniambia lako. Na mimi nina moja limebaki.

Nilipokuwa naweka vitu vya Mama sawa, nilikuta kopo la biskuti kabatini mwake, chini ya shuka za wageni. Ndani mlikuwa na barua moja. Ni ya rabi wa zamani wa hapa, ya Juni 1972. Kumbe tulipofika tu Nairobi, Mama alikwenda kuuliza, akaomba ajibiwe kwa maandishi. Rabi anaandika kwamba samaki bapa wa pwani ya kusini, kwa jinsi alivyoelezwa na watu wanaomfahamu, ana mapezi na magamba yanayong'oka, kwa hiyo anaruhusiwa. Halafu anaandika hivi, nimeitafsiri usiku na mchana kichwani mpaka nimeijua: lakini kipande kilichokwisha chunwa ngozi hakiliwi kwa kudhani. Kinaliwa tu kwa neno la mtu wa sheria hii aliyemwona samaki mzima, na ambaye mlaji anamwamini.

Kwa hiyo nilikuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Sikuwa na haja ya ngozi. Nilitaka tu uandike, na sikujua kitu kingine cha kukuuliza ambacho kisingenifanya nilie.

Mpaka ulipoandika mwezi huu sikuelewa kwa nini Mama aliificha. Nilidhani ni kwa sababu ya nusu ya kwanza, inayosema ulikuwa na haki. Sasa nadhani alikuwa anasoma nusu ya pili. Karatasi imechakaa mahali palepale, kwenye neno la mwisho kabisa, kama vile mtu alikuwa akipapitishia kidole. Sijui alikuwa anakulaumu au anajiuliza kama angeweza kuamini hata hivyo. Miaka ishirini alikuwa na hiyo karatasi, na wewe ulikuwa na kiapo chako, na mimi nilikuwa nakula katikati yenu na kusema chakula kitamu.

Kuhusu geti bado nina hasira naye. Labda tukikaa utanieleza alivyokuwa kabla yangu, maana mimi namjua aliyechoka tu.

Shuleni nimepewa likizo ya wiki tatu. Pale Nairobi yupo daktari wa macho, nimezungumza naye, lakini hilo tutalijadili, silazimishi. Kama hutaki kuondoka Kilwa, nitakuwepo hizo wiki tatu na tutaona.

Usije stendi. Nitauliza kwa Mwanasha wa samaki.

Barua hii siitii posta. Nimeiandika kwa sababu nikianza kuongea najua nitaanza na habari za safari na vumbi, na siku zitapita. Nitakuja nayo mkobani. Bi Mwanasha apumzike, amebeba ya kutosha. Nitakaa ubavuni kwako nikusomee mimi, na zile tatu zilizo chini ya godoro pia, kurasa zote.

Mwanao,
Raheli